Jinsi ya kupima mkojo unaovuja ukiwa nyumbani: daftari la siku tatu na alama zake

Maswali ni yaleyale. "Nikicheka natokwa na matone, huo ni ugonjwa au ni kuzaa tu?" "Natumia pedi mbili kwa siku, ni nyingi?" "Nikapime damu gani?" Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: "Nikifika kwa daktari naanzaje kusema?"

Yote manne yanajibiwa na karatasi utakayoijaza mwenyewe. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba mkojo unavuja. Hata ICS, chama cha kimataifa cha wataalamu wa mambo haya, kinalieleza tatizo lenyewe kuwa ni malalamiko ya mtu kwamba mkojo unamtoka bila hiari yake. Maneno yako ndiyo ushahidi wa kwanza. Kazi iliyobaki ni kuyapa saa, idadi na kiasi, kwa sababu "navuja sana" ya mmoja ni tone la mara moja kwa wiki, na ya mwingine ni kanga tatu kwa siku.

Mwongozo huu ni wa mwanamke mtu mzima anayetaka kujipima, au kumsaidia mama au bibi yake. Unahitaji siku tatu za kuandika na nusu saa ya hesabu.

Wasiopaswa kusubiri siku tatu

Soma hapa kwanza. Ukijiona kwenye mojawapo ya haya, acha daftari uende kituo cha afya:

- Ulipata uchungu wa muda mrefu au upasuaji wa uzazi au wa kizazi, na tangu hapo mkojo unatiririka usiku na mchana bila kukata. Hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya njia ya mkojo na uke. Tundu halihesabiwi kwa daftari, linafungwa na daktari wa upasuaji. CCBRT ya Dar es Salaam, Gynocare ya Eldoret na Panzi ya Bukavu ni kati ya hospitali zinazolitibu. Usikate tamaa kwa sababu ya gharama kabla hujauliza, maana matibabu ya fistula mara nyingi yana ufadhili.
- Una mimba na maji yametoka ghafla au yanadondoka mfululizo. Huenda si mkojo, chupa imepasuka.
- Mkojo una damu, au una homa na maumivu ya ubavu.
- Mkojo umegoma kabisa kutoka na tumbo la chini limejaa.
- Mgongo unauma, miguu imelegea au sehemu za siri na makalio yamekufa ganzi. Hili ni la siku hiyohiyo, si la kesho.

Kama unachomwa ukikojoa, pima mkojo kwanza. Maambukizi ya njia ya mkojo, hiyo UTI inayotajwa kila duka la dawa, yanaweza kukubana na kukuvujisha kwa muda, na daftari la siku hizo litasimulia maambukizi badala ya kibofu chako. Tibiwa, pona, kisha anza.

Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo linaloingia kwenye mkoba, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kalamu isiyofungwa hupotea siku ya kwanza.
- Kopo la kupimia lenye mistari ya mililita. La plastiki la jikoni linafaa, ila likishaingia msalani lisirudi jikoni. Kama huna, kata mdomo wa chupa ya maji ya lita moja, chukua chupa ya mtoto yenye vipimo, mimina maji mililita 50 kwa 50 huku ukichora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika.
- Kikombe chako cha kila siku. Kipime mara moja tu ujue kinabeba kiasi gani. Vikombe vingi vya chai ni mililita 200 hadi 300, lakini kile cha bati cha nyumbani kinaweza kuchukua nusu lita.
- Saa, au simu.
- Orodha ya dawa unazotumia, na saa unazozimeza.
- Si lazima: mizani ya jikoni inayosoma gramu, na kopo lenye mfuniko la kuwekea pedi zilizotumika.

Hatua ya 1: Chagua siku

Siku tatu, zisizolazimika kufuatana. Mwongozo wa Uingereza unaotolewa na NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, unataka angalau tatu, zikiwemo za kazi na za mapumziko. Ukiandika Jumamosi na Jumapili peke yake umeruka ndoo, shamba, ngazi za ofisini na foleni ya daladala, na huenda huko ndiko unakovujia.

Ziepuke siku za hedhi kama utapima pedi. Ramadhani nayo ina mpangilio wake wa kunywa: mchana hakuna kitu, usiku vikombe vinafuatana. Daftari la Ramadhani ni halali kama shida yako hujitokeza wakati wa funga, ila liandike jina hilo juu, na lingine ulijaze baada ya Idi.

Hatua ya 2: Chora safu sita

Saa. Nilichokunywa. Mkojo, kwa mililita. Haraka. Kuvuja. Nilikuwa nafanya nini.

Kwenye safu ya haraka tumia namba hizi:

0 – sikubanwa, nilikwenda tu kwa tahadhari
1 – nilibanwa kawaida
2 – nilibanwa sana lakini ningeweza kungoja
3 – niliacha nilichokuwa nafanya nikakimbia
4 – nilikimbia na sikuwahi

Kwenye safu ya kuvuja:

1 – matone, chupi imelowa doa
2 – imelowa hadi nikabadilisha chupi au pedi
3 – imepita hadi nguo ya nje, au imetiririka mguuni

Kuhusu saa, tafadhali. Sisi tunasema saa mbili usiku, simu inaonyesha 20:00, na daktari aliyesoma kwa vitabu vya kigeni akiona "2:00" peke yake anadhani umeamka usiku wa manane. Chagua mtindo mmoja, uufuate siku zote tatu, na uandike asubuhi, mchana, jioni au usiku kila mstari. Kuna madaftari yanayofika kliniki yakiwa yamejazwa vizuri kabisa na hayasomeki kwa kosa hili moja.

Hatua ya 3: Anza baada ya mkojo wa kwanza wa asubuhi

Ukiamka siku ya kwanza, kojoa, andika saa tu, usihesabu kiasi. Mkojo huo ulitengenezwa usiku uliopita. Hesabu yako inaanza na utakaofuata, na inafungwa na mkojo wa kwanza wa asubuhi ya kesho yake, ambao sasa unaupima na kuuhesabu. Hapo umepata saa 24 kamili. Kama siku zako zinafuatana, mkojo huo ukishauandika unaanza ukurasa mpya.

Hatua ya 4: Andika kila unachokunywa

Maji, chai, kahawa, soda, madafu, togwa, supu, uji mwepesi, maji ya kumezea dawa. Machungwa na matikiti yaache, tutakesha. Taja aina ya kinywaji, si kiasi peke yake, kwa sababu chai na kahawa huwachokoza baadhi ya watu kuliko maji.

Sasa onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: usibadilishe tabia ili daftari lipendeze. Mwanamke anayevuja huwa ameshajifunza kutokunywa. Anatoka nyumbani na nusu kikombe cha chai, anakaa mpaka jioni, halafu daftari lake linaonyesha hakuvuja. Kweli hakuvuja, kwa sababu kibofu kilikuwa kikavu. Kama hivyo ndivyo unavyoishi, endelea hivyohivyo kwa siku tatu, lakini andika pembeni: "Sinywi kwa sababu naogopa." Sentensi hiyo ina thamani kuliko safu nzima ya namba.

Hatua ya 5: Pima mkojo

Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachowasumbua wengi. Chuchumaa na kopo chini yako, au tumia ndoo ndogo kisha mimina kwenye kopo lenye mistari. Soma kopo likiwa juu ya kitu kilichosimama sawa, usilishike hewani. Andika, mwaga, suuza.

Ukiwa kazini au stendi na huwezi kupima, weka alama ya vema kwenye safu ya mkojo na uandike saa. Usikisie mililita. Namba ya kukisia inafanana sura na ya kweli, na mtu anayesoma hawezi kuzitenganisha.

Hatua ya 6: Andika kuvuja palepale

Ukingoja usiku uandike yote kwa mkupuo, utaandika lililokuaibisha na kusahau matatu madogo. Huwezi kutoa daftari mbele za watu? Jiandikie ujumbe kwenye simu, kila mtu yuko kwenye simu, hakuna atakayeuliza.

Andika kiasi (1, 2 au 3), kisha andika kilichotangulia. Safu hii ya "nilikuwa nafanya nini" ndiyo inayotenganisha aina za kuvuja, na matibabu yake si mamoja. Jiulize swali moja tu: kabla haujatoka, nilibanwa au sikubanwa?

Kama hukubanwa, ila ulikohoa, ulipiga chafya, ulicheka, uliinua ndoo, ulijitwisha kuni au ulikuwa unatwanga, huko ni kuvuja kwa msukumo wa tumbo. Misuli ya nyonga na mlango wa mkojo havikuhimili.

Kama ulibanwa ghafla, ukakimbia, ukavuja njiani au ukiwa unahangaika na kitasa cha mlango, huko ni kuvuja kwa kubanwa ghafla. Kibofu kimejikaza kabla ya ruhusa. Sauti ya maji ya bomba na kushika maji ya baridi wakati wa kufua huwachochea watu wa kundi hili.

Wanaopata yote mawili ni wengi, wala usijilazimishe kuchagua. Kuna anayekohoa na tone likatoka hapohapo, na kuna anayekohoa, zikapita sekunde chache, halafu akabanwa na kumwaga mwingi. Wa pili ni kibofu kilichoshtuliwa na kikohozi. Ukiweza kutofautisha hilo kwa maandishi, umemwokolea daktari nusu ya maswali yake.

Andika pia kuvuja wakati wa tendo la ndoa. Wanawake wengi hawalisemi, na wengi hawaulizwi. Maneno mawili yanatosha: "na mume".

Siku inaweza kuonekana hivi. Ni mfano niliotunga:

12:20 asubuhi – nimeamka, nimekojoa (sihesabu)
1:00 asubuhi – chai ml 250
1:45 asubuhi – mkojo ml 180, haraka 1
2:30 asubuhi – kuvuja 1, nimeinua ndoo ya maji, sikubanwa
4:10 asubuhi – maji ml 300
5:05 asubuhi – mkojo ml 220, haraka 4, kuvuja 2, nilikuwa nafungua mlango
7:30 mchana – soda ml 350
8:15 mchana – mkojo (alama ya vema, niko sokoni), haraka 0

Hatua ya 7: Usiku

Andika saa ya kupanda kitandani kwa nia ya kulala na saa ya kuamka moja kwa moja. Kopo liwe karibu na kitanda au kando ya ndoo ya usiku, hasa kama choo kiko nje.

Tofautisha mkojo uliokuamsha na mkojo uliokukuta macho. Kama mtoto alilia, au uliamka kwa swala ya usiku, ukapitia msalani kwa kuwa ulikuwa umeshaamka, andika "niliamka kwa mtoto". Pima hata hivyo, kiasi chake kinahesabika.

Hatua ya 8: Pedi, kama una mizani

Idadi ya pedi haipimi mkojo. Kuna anayebadilisha pedi kila akiona doa kwa sababu ya udhu au kuogopa harufu, na kuna anayekaa na moja kutwa kwa sababu pakiti ni ghali. Mbili za wa kwanza zinaweza kuwa na mkojo mdogo kuliko moja ya wa pili. Ndiyo maana swali la "pedi mbili ni nyingi?" halina jibu.

Uzito una jibu. Pima pedi kavu. Baada ya kuitumia iweke kwenye kopo lenye mfuniko isikauke, ipime tena, toa uzito wa pedi kavu na wa kopo. Gramu moja ni karibu sawa na mililita moja. Fanya hivyo kwa pedi zote za saa 24, ujumlishe. Wanaotumia vitambaa au vipande vya kanga wanaweza kufanya vivyo hivyo, ila kila kitambaa kipimwe kikiwa kikavu kabla ya kuvaliwa, kwa sababu havilingani. Jasho na ute vitaongeza gramu chache, kwa hiyo gramu mbili au tatu kwa siku nzima zisikutishe.

Hatua ya 9: Jipe alama

Daftari linaonyesha siku tatu. Maswali ya alama yanaangalia wiki nne zilizopita. Dodoso linalotumika sana duniani kwa kazi hii ni ICIQ-UI, toleo fupi, lililotengenezwa Bristol, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2004. Maswali yake, kwa maneno yangu:

Swali la kwanza, mkojo unavuja mara ngapi?
Hauvuji – 0
Kama mara moja kwa wiki au pungufu – 1
Mara mbili au tatu kwa wiki – 2
Kama mara moja kwa siku – 3
Mara kadhaa kwa siku – 4
Muda wote – 5

Swali la pili, kwa kawaida unavuja kiasi gani kwa makadirio yako, uwe umevaa pedi au hukuvaa?
Hakuna – 0
Kidogo – 2
Wastani – 4
Mwingi – 6

Swali la tatu, kwa ujumla jambo hili linakuvurugia maisha ya kila siku kiasi gani, kuanzia 0 (hata kidogo) hadi 10 (mno)?

Jumlisha. Jibu liko kati ya 0 na 21. Kwa mgawanyo unaotumika sana, 1 hadi 5 ni hafifu, 6 hadi 12 ni wastani, 13 hadi 18 ni kali, 19 hadi 21 ni kali sana. Lipo swali la nne linalouliza mkojo hutoka wakati gani: kabla ya kufika chooni, ukikohoa au kupiga chafya, ukiwa usingizini, ukifanya kazi za nguvu au mazoezi, ukishamaliza kukojoa na kuvaa, bila sababu inayoonekana, au muda wote. Hilo halina alama, unaweka vema panapokuhusu, na unaweza kuweka zaidi ya moja.

Mfano: mara mbili au tatu kwa wiki (2), kiasi kidogo (2), maisha yamevurugika 5. Jumla 9, wastani.

Swali la tatu ndilo wanawake wetu wanalijibu vibaya, na kwa sababu ya uvumilivu. Anaandika 2 kwa sababu "nimeshazoea". Kabla hujachagua namba pitia haya: Kuna basi hupandi? Kuna sherehe huendi? Unatawadha upya mara ngapi? Kanisani unakaa mlangoni? Unachagua nguo nyeusi kila siku? Umeacha kumbeba mjukuu? Kuzoea kuna gharama zake, zihesabu ndipo uandike.

Kama namba ya 0 hadi 10 inakusumbua, kuna kipimo kifupi zaidi cha Norway kiitwacho Sandvik, cha kuzidisha. Mara ngapi: chini ya mara moja kwa mwezi 1, mara chache kwa mwezi 2, mara chache kwa wiki 3, kila siku au kila usiku 4. Kiasi: matone 1, mchirizi mdogo 2, zaidi ya hapo 3. Zidisha. Ukipata 1 hadi 2 ni hafifu, 3 hadi 6 wastani, 8 hadi 9 kali, 12 kali sana. Usichanganye alama za vipimo hivi viwili. 9 ya Sandvik ni kali, 9 ya Bristol ni wastani. Andika jina la kipimo kando ya namba.

Mwanafunzi au mtafiti asinakili maswali yangu. ICIQ ina wenyewe, na toleo la kutumia kwenye utafiti huombwa kwao.

Hatua ya 10: Fanya hesabu nne

Idadi ya kukojoa kwa siku. Kuamka hadi kulala, mara saba au nane hivi ni kawaida kwa wengi.

Kiasi cha saa 24. Jumlisha mkojo wote uliopimwa. Ukizidi mililita 40 kwa kila kilo ya uzito wako, yaani zaidi ya lita 2.4 kwa mtu wa kilo 60, unatengeneza mkojo mwingi. Tazama safu ya vinywaji, na upime sukari.

Mkojo mkubwa kuliko yote. Huu unaonyesha kibofu chako kinaweza kubeba kiasi gani. Anayekojoa mara 14 na mkubwa wake ni mililita 150 ana hadithi tofauti na anayekojoa mara 14 na mkubwa ni 400.

Sehemu ya usiku. Jumlisha mkojo wa usiku pamoja na ule wa kwanza wa asubuhi, gawanya kwa jumla ya saa 24. Mfano: usiku 300 na 250, asubuhi 350, jumla 900. Saa 24 zote ni 1,900. Hiyo ni karibu nusu. Kwa mtu mzima wa makamo kwenda juu, zaidi ya theluthi ni nyingi, na hapo shida huenda haiko kwenye kibofu. Angalia miguu kama inavimba jioni, na saa unayomeza dawa ya presha inayoongeza mkojo.

Dawa zenyewe zisome upya. Furosemide na hydrochlorothiazide huongeza mkojo. Captopril na enalapril huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu, na kikohozi hicho ndicho kinachowavujisha. Usiache dawa ya presha kwa sababu umesoma hapa. Peleka daftari kwa aliyekuandikia.

Hatua ya 11: Likabidhi

Juu ya ukurasa wa kwanza andika umri, idadi ya uzazi na namna ulivyojifungua, dawa, alama yako, na sentensi moja ya kile unachotaka. "Nataka kusali bila kutawadha mara mbili" ni lengo. "Nataka kulala saa nne mfululizo" ni lengo. Kama mdomo unakuwa mzito, usiseme kitu, mpe karatasi na useme: "Naomba usome hii kwanza."

Ukipewa mazoezi ya misuli ya nyonga, rudia kipimo chilechile baada ya miezi mitatu, kwa kopo lilelile na siku za aina ileile. Usijipe alama kila wiki: dodoso linauliza wiki nne, na utakuwa unapima jinsi moyo wako ulivyoamka wiki hiyo tu.

Yakikwama

*Nimesahau nusu siku.* Chora mstari, andika "sikuandika", rudia siku nyingine. Usijaze kwa kumbukumbu.

*Siku zote tatu sikuvuja hata tone, lakini navuja.* Hutokea kwa anayevuja mara moja kwa wiki au pungufu. Daftari bado linafaa kwa upande wa kunywa na kukojoa. Kwa upande wa kuvuja tegemea alama ya wiki nne, na uandike tarehe tu za kuvuja kwa mwezi mmoja.

*Alama yangu ni ndogo lakini nateseka.* Alama haikupi wala kukunyima haki ya kutibiwa. Anayefundisha mazoezi ya viungo akivuja mara moja mbele ya darasa anaweza kupata alama ndogo. Mpe daktari alama pamoja na sentensi ya lengo.

*Sijui kama ni mkojo au ute.* Pedi nyeupe na pua yako vitajibu mara nyingi. Kama bado una shaka, kuna dawa ya kawaida ya hospitali inayobadilisha rangi ya mkojo, na mtoa huduma anaweza kuitumia kuthibitisha. Usijaribu rangi zako nyumbani.

*Bibi hajui kusoma.* Makopo mawili na punje. Punje ya mahindi kila akikojoa, ya harage kila akivuja. Makopo ya mchana na ya usiku yawe tofauti. Jioni na asubuhi wewe unahesabu na kuandika. Hutapata mililita, lakini idadi utaipata, na ni bora kuliko "kawaida tu, mjukuu wangu".

*Nikimuuliza mama anasema hana tatizo.* Umeuliza vibaya. Mwanamke aliyezaa watoto saba anaweza kuamini kwamba kuvuja ni sehemu ya uzee, kwa hiyo ukiuliza "una tatizo la mkojo?" atasema hapana, na hajakudanganya. Uliza vitendo: "Ukikohoa, mkojo hukutoka hata kidogo?" "Umewahi kukimbia chooni usiwahi?" Muulizeni mkiwa wanawake watupu, mlango umefungwa, mtoto wa kiume na mkwe wakiwa nje. Jibu la mbele ya watu litupe, uliza tena siku nyingine.

*Mume ameliona daftari.* Andika juu yake "Maji na dawa". Safu za saa na mililita hazimwambii kitu mtu asiyejua zinahesabu nini.